Gari kunasa huku kusini: anza na beleshi na pampu, winchi iwe ya mwisho

Wakuu, swali ninaloulizwa sana na watu wanaohamia huku Mtwara na Lindi kikazi, na wale waliovuta Hilux au Prado yao ya kwanza, ni wanunue winchi gani, ile mashine ya waya inayofungwa kwenye gari ili lijivute lenyewe. Jibu langu halibadiliki: winchi iwe ya mwisho. Kwanza beleshi, pampu ya upepo na geji ya kupimia upepo wa tairi, halafu kamba ya maana, hayo mengine tutaongea baadaye.

Na kabla hujatoa hela jiulize utanasia wapi. Mchanga wa Msimbati na lile tope la njia za Liwale kipindi cha mvua ni vitu viwili tofauti kabisa. Msimbati gari inatembea ufukweni kabisa, raha yake ndo hiyo, ila ukinasa dawa ya kwanza ni upepo, shusha tairi zote nne mpaka psi 18 hivi (psi ndo kipimo cha upepo kwenye geji), ikigoma nenda 15, tairi linalala linakanyaga eneo kubwa, fukua mchanga ulioziba mbele ya kila tairi halafu toka taratibu, usikanyage mafuta kwa hasira maana unajichimbia tu. Mara nyingi inatoka yenyewe bila kuvutwa na mtu. Sasa huwezi kurudi Mtwara mjini kwa mwendo na tairi za 15, zinapata moto na kwenye kona linaweza kuchomoka kwenye rimu, ndo maana nasisitiza pampu, tena chukua ile inayobana moja kwa moja kwenye betri, zile ndogo za kuchomeka tundu la sigara nyingi zinachemka kabla hujamaliza tairi la pili. Na pale ufukweni angalia maji, toka kupwa mpaka kujaa ni kama masaa sita tu, siku za bamvua ndo yanapanda juu zaidi.

Kwenye tope upepo peke yake hautoshi. Hapo ni beleshi, zile mbao za plastiki zenye meno za kusukumia chini ya tairi, na gari la kukuvuta. Na kwenye kuvutwa ndo watu wanaumia jamani.

Kuna pick-up niliiona njia ya Nachingwea imefungwa mnyororo kwenye bampa, lori likavuta kwa kushtua, bampa likang'oka lote na taa zake likaenda na lori, pick-up imebaki pale pale kwenye tope. Mnyororo hauvutiki, mshtuko wote unaishia pale ulipofunga. Kamba ya nailoni inavutika, ule mkanda mpana kama asilimia 20 na ile ya mviringo iliyosukwa mpaka 30, kwa hiyo nguvu inapanda polepole na gari linanyanyuka bila kishindo. Ya poliesta haivutiki, hiyo ni ya kukokotea gari bovu barabarani, usije ukaitumia kuchomolea gari lililonasa. Kwa uimara, kamba iwe na mara mbili mpaka tatu ya uzito wa gari jepesi kati ya hayo mawili likiwa na mzigo, Hilux iliyojaa inakaribia tani 3 kwa hiyo ya tani 8 inakutosha.

Ila kamba nzuri ukiifunga pabaya ni hatari zaidi. Vile vipete vyembamba chini ya gari ni vya kulifungia lisiyumbe likisafirishwa, siyo vya kuvutia. Na kile kichwa cha mviringo cha trela nawaombeni sana msikitumie, kikikatika kinaruka kama risasi na kimeshaua watu sehemu mbalimbali duniani. Mpe fundi kazi ya kufunga ndoano imara kwenye chesesi, mbele na nyuma. Sheko, ile U ya chuma yenye pini, iwe imegongwa maandishi ya uzito, ya milimita 19 inabeba tani 4.75, isiyo na maandishi iache dukani. Watu wote wasimame mbali wakati wa kuvuta, watoto wa kijijini lazima watakuja kutazama, waombe kabisa wasogee.

Winchi sasa, kama unasafiri peke yako porini kweli inafaa, chukua yenye nguvu mara moja na nusu ya uzito wa gari. Pamoja nayo nunua kapi, maana inakuongezea nguvu karibu mara mbili ingawa mwendo unapungua, na mkanda mpana wa kuzungushia mti. Huku mti ulio karibu mara nyingi ni mkorosho wa mtu, waya ukiuzungusha mtupu unachuna ganda na ule ndo ada ya shule ya watoto wake, kwa hiyo mkanda ni lazima na mwenye shamba aombwe kwanza.

Ukirudi nyumbani osha kamba kwa maji matupu na uianike kivulini, mchanga ukibaki ndani unakata nyuzi kidogo kidogo na jua kali linaichosha nailoni. Ukiona pamekatika au pamekuwa pagumu, itumie kufungia turubai.