Kila nikianza kukimbia naishia wiki mbili, nakosea wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 36, nakaa Sinza, kazi yangu ni kukaa kwenye kompyuta kutwa nzima, na mwaka huu ni mara ya tatu naanza kukimbia halafu naacha. Siku ya kwanza nilitoka nduki mpaka Mlimani City bila kusimama, kichomi kikanibana nikarudi na bajaji, kesho yake nikajikaza nikaenda tena, wiki ya pili ugoko ukaanza kuuma nikaona basi. Majirani nao wanacheka. Au mwili wangu haukuumbwa kwa mbio?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwani siku hiyo ulikuwa unakimbizwa na nani?

Mwili wako hauna tatizo, tatizo ni spidi. Unakumbuka mchakamchaka wa shule? Alfajiri, vumbi, mmoja anaanzisha wimbo wengine mnaitikia, mnazunguka kijiji kizima na hakuna anayekufa, sasa ile haikuwa kwa sababu tulikuwa watoto tu, ni kwamba huwezi kuimba huku unakimbia kama mwizi, wimbo ndio ulikuwa unatushikia breki. Basi fanya hivyo hivyo. Ukishindwa kuimba ubeti mmoja, au kuongea sentensi nzima bila kuhema, umezidisha, punguza hata kama bibi wa sokoni anakupita. Kina Eliud Kipchoge kule Kaptagat, Kenya, mtu aliyekimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40 pale Vienna mwaka 2019, mazoezi yao mepesi wanaanza polepole mpaka unaweza kudhani wanatania. Sembuse wewe na mimi wa kwenye kompyuta.

Kwa hiyo siku tatu kwa wiki, sio kila siku. Tembea dakika 5, halafu kimbia dakika 1 tembea 2, rudia mara nane, rudi nyumbani ukiwa bado unatamani. Wiki ikiwa ngumu irudie hiyo hiyo, hakuna anayekusahihishia daftari. Mimi niliirudia wiki ya pili mara tatu, na nilikuwa naona aibu kweli.

Ugoko sasa. Moyo na mapafu vinazoea haraka, ndani ya wiki chache tu unaona pumzi imekaa sawa, ila mifupa na kano zinataka miezi, ndio maana watu wengi wanaumia pale pale wanapoanza kujiona wako fiti. Pumzika mpaka utembee bila maumivu ndio uanze tena chini kidogo ya pale ulipoishia. Ila kama panauma sehemu moja tu unayoweza kuigusa kwa kidole, au panauma hata ukiwa umelala, nenda hospitali, usipake dawa ya kuchua ukajidanganya.

Raba za mtumba sio mbaya, ila kabla hujalipa geuza uangalie soli, ikiwa imelika upande mmoja au ukibonyeza kwa dole gumba haibonyei kabisa, rudisha. Iache nafasi kidogo mbele ya vidole.

Majirani waache wacheke, watachoka. Na usijisajili nusu marathoni ya Kilimanjaro kwa mihemko ya marafiki, Moshi kuna ya kilomita 5 pia. Anza Jumanne alfajiri kabla jua halijawa kali, na huo wimbo uchague leo.