Maswali ya wasomaji wa Bukavu: uchafu ukeni, sopisi (kisonono) na maumivu ya tumbo la chini

Barua za mara hii karibu zote zimetoka Bukavu. Majina tumeyaacha, mitaa tumeibakiza.

*Jambo daktari. Niko na uchafu mweupe unaotoka na unaniwasha sana usiku. Kila nikienda farmasi ya sokoni wananipa ampisilini. Napata nafuu siku chache, mwezi unaofuata unarudi. Ninajisafisha pia ndani kwa maji ya chumvi na ndimu. Nifanye nini? Aksanti. – Mama wa Kadutu*

Mama, kwanza acha hivyo viwili, ampisilini na ndimu, maana huenda ndivyo vinavyokurudishia ugonjwa. Ndani ya uke wanaishi bakteria wema wanaotengeneza asidi, na asidi hiyo ndiyo inayozuia fangasi na vijidudu vingine visizaane. Ampisilini inawaua walinzi hao bila kumgusa fangasi hata kidogo. Chumvi, ndimu, sabuni na shabu vinachubua ngozi laini ya ndani na kuwasomba waliobaki. Osha sehemu ya nje tu kwa maji safi. Ampisilini hii ya sokoni imepewa kazi nyingi kuliko inavyoziweza.

Uchafu mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda, unaowasha na usio na harufu kali, mara nyingi ni fangasi. Ukiwa mwepesi, wa kijivu, na harufu ya samaki inayozidi baada ya tendo la ndoa, hapo bakteria wabaya wamewazidi wale wema. Kuwashwa huwa kidogo au hakupo. Ukiwa wa manjano au kijani, wenye povu, unaowasha na kunuka, shuku trikomonasi, kijidudu kinachopitia tendo la ndoa, na hapo mume naye lazima atibiwe hata kama hasikii chochote. Macho hudanganya lakini, na mtu mmoja anaweza kubeba magonjwa mawili kwa pamoja. Kama kipimo kinapatikana, pima.

Kipimo chenyewe si kigumu. Uchafu huchukuliwa kwa pamba, laborantini anauchanganya na tone la maji ya chumvi juu ya kioo, anatazama kwa darubini. Trikomonasi hutambulikana kwa kuchezacheza kwake. Kioo kikisahauliwa mezani asubuhi ya baridi, kijidudu kinapoa, kinatulia, na majibu yanaandikwa kwamba hakuna kitu. Kisomwe ndani ya dakika kumi hivi. Nawe usijisafishe ndani wala kuweka dawa ukeni siku mbili kabla, na usilale na mume usiku wa kuamkia kipimo.

Dawa ya fangasi ni flukonazoli 150 mg, kidonge kimoja mara moja tu, au klotrimazoli ya kuweka ukeni: 500 mg usiku mmoja, au 200 mg kila usiku kwa siku tatu. Nawa mikono, lowesha kidonge kwa tone la maji, lala chali, kisukume kwa kidole mpaka ndani kabisa, kisha usiinuke tena mpaka asubuhi. Wengi hukiweka mchana, kinaangukia chooni, halafu wanasema dawa ni feki. Mwenye mimba asimeze flukonazoli. Atumie klotrimazoli ya 100 mg kila usiku kwa siku saba.

Kwa harufu ya samaki na kwa trikomonasi dawa ni metronidazoli, 500 mg asubuhi na 500 mg jioni kwa siku 7. Soma boksi: kama vidonge ni vya 250 mg utameza viwili kila mara, jumla 28. Mdomo utakuwa na ladha ya chuma na mkojo unaweza kukolea rangi; usishtuke. Bia na kasiksi ziache mpaka siku mbili baada ya kidonge cha mwisho, maana kuna wanaotapika vibaya.

Fangasi akirudi mara tatu au zaidi kwa mwaka, pima sukari na virusi vya ukimwi.

*Muganga, nilitoka nje ya ndoa siku ya Jumamosi. Alhamisi nikaanza kuungua nikikojoa na kutoa usaha. Nilikunywa siprofloksasini siku mbili, usaha ukakauka, sasa umerudi. Bibi yangu hana dalili yoyote. Je, yeye ni mzima? – Baba wa Bagira*

Baba, usaha unaoanza siku 2 hadi 7 baada ya tendo mara nyingi ni kisonono, hiyo sopisi. Siprofloksasini iliwahi kuwa dawa yake nzuri, ila sehemu nyingi za dunia kisonono kimeshaizoea: kinalegea siku chache, kinarudi. Dawa ya sasa ni sindano moja ya seftriaksoni kwenye msuli. Miongozo ya zamani ilisema 250 mg, mipya mingi imepandisha hadi 500 mg au 1 g, kwa hiyo kituo kifuate ule ulio wa karibuni. Sindano hiyo inauma, ndiyo maana unga wake huchanganywa na lidokaini. Mchanganyiko huo hauingizwi kwenye mshipa wa damu hata siku moja.

Kisonono pia hupenda kusafiri na klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, ambao sindano hiyo haiimalizi. Ongeza doksisiklini 100 mg mara mbili kwa siku, siku 7. Imeze ukiwa umekula, kwa gilasi nzima ya maji, na usilale kwa nusu saa, la sivyo kidonge kinaganda kooni na kuunguza. Usiimeze pamoja na maziwa wala vidonge vya damu.

Kuhusu bibi yako: kama mmelala pamoja tangu Jumamosi ile, mhesabu kuwa ameambukizwa. Wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawasikii kitu mpaka ugonjwa upande kwenye mirija ya uzazi. Atibiwe siku ileile na wewe, na kama ana mimba aseme, maana atapewa azitromisini 1 g badala ya doksisiklini. Na huyo wa Jumamosi naye aambiwe. Msikutane mpaka siku 7 zipite baada ya matibabu ya nyote wawili. Mmoja akitibiwa peke yake mtarudishiana. Pima kaswende na virusi vya ukimwi sasa, kisha rudia baada ya miezi mitatu.

*Nina maumivu ya tumbo la chini wiki mbili na homa inakuja na kuondoka. Nimetibiwa tifoidi mara mbili. Uchafu nilikuwa nao tangu zamani, na tendo linaniuma ndani sana. – Mwanafunzi, Ibanda*

Dada, hiyo haifanani na tifoidi. Uchafu wa muda mrefu, homa, na maumivu ya ndani wakati wa tendo vinaonyesha kuwa vijidudu vimepanda kwenye kizazi na mirija. Nenda leo. Kipimo cha kwanza kiwe cha mimba, kwa sababu mimba iliyotunga kwenye mrija huuma mahali palepale na inaua. Kama umekosa hedhi, unazimia, unatapika dawa, tumbo limekuwa gumu kama ubao, au umejifungua au mimba imetoka karibuni, usipitie farmasi, nenda hospitali moja kwa moja.

Kama hayo hayapo, matibabu ni matatu kwa pamoja: sindano moja ya seftriaksoni, doksisiklini 100 mg mara mbili kwa siku, na metronidazoli 500 mg mara mbili kwa siku, hizi mbili kwa siku 14 kamili. Maumivu huisha mapema na watu huacha vidonge siku ya tano. Vijidudu vilivyobaki vinaendelea kuacha makovu ndani ya mirija, na makovu hayo ndiyo yanayomkosesha mtu mtoto baadaye. Usipoona nafuu ndani ya siku 3, rudi. Mwenzi wako pia atibiwe.

*Kwenye kliniki ya wajawazito wameniambia nina kaswende. Sina kidonda wala maumivu. Nichomwe sindano kwa nini? – Mama wa Nguba*

Kidonda cha kaswende hakiumi, na kinapona chenyewe hata bila dawa. Mtu hukisahau huku ugonjwa ukibaki kwenye damu na kumfikia mtoto tumboni. Benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4, hugawanywa nusu kwa kila tako. Isipojulikana uliambukizwa lini, ni mara tatu, wiki moja moja. Homa ya siku ya kwanza baada ya sindano hutokea, na kwa mwenye mimba inaweza kuleta uchungu, basi tumbo likianza kukaza rudi upesi. Kipimo cha haraka kinaweza kubaki na jibu la ndiyo maisha yote, hata ukipona, kwa hiyo tunza karatasi ya sindano zako. Baba naye achomwe.

*Jirani yangu amebakwa. Anaona aibu na anataka kuoga kwanza. – Dada wa Panzi*

Aende bila kuoga na bila kufua nguo, ndani ya saa 72. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hazianzwi baada ya hapo, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Vidonge vya kuzuia mimba vinafaa mpaka saa 120, ila mapema ni bora. Atapewa pia dawa za kukinga kisonono, klamidia na kaswende. Hospitali ya Panzi iko hapo mtaani kwenu na inapokea kesi hizi tangu 1999. Hata kama saa 72 zimepita, aende tu: majeraha na maambukizi bado yana tiba, na chanjo ya homa ya ini aina ya B bado anaweza kupewa.