Ukienda kwa Mwalimu Butiama, usifanye kama mimi

Mara ya kwanza nimefika Butiama, kijijini kwa Mwalimu Nyerere, saa tisa alasiri, nina haraka nawaza gari ya kurudi Mwanza. Nikaingia makumbusho, nikazunguka kwenye makabati ya vioo, zawadi alizopewa, nguo zake, picha za zamani, nikapiga selfi mbili tatu nje nikasepa. Narudi najisifu nimefika kwa Mwalimu kumbe kwake sijafika kabisa! Lile la makumbusho ni jengo tu, limefunguliwa 1999, mwaka huohuo aliofariki. Kwake hasa ni Mwitongo, hapo jirani, unaenda kwa mguu.

Kwa hiyo anza asubuhi. Ukilala Musoma pitia kwanza shule ya Mwisenge, ndo alipoanzia darasa la kwanza 1934 akiwa na miaka 12, halafu ndo upande gari ya Butiama, kama kilomita 40 hivi, kaa dirishani uone ile njia. Ukitokea Mwanza shuka Makutano, boda zipo ila patana bei kabla hujapanda, mi nilipigwa.

Mara ya pili nimeenda na baba mdogo, mtu wa hukohuko Mara, na hapo ndo nikaelewa. Mi naangalia viti na vitabu, yeye anaulizia shamba liko wapi! Anasema mtu kang'atuka urais 1985 akarudi kulima, sasa wewe unaangaliaje nyumba ya mkulima shamba hujaliona? (Hilo neno kung'atuka lenyewe katuletea Mwalimu kutoka Kizanaki, lugha ya kwao, baba mdogo analiringia kama kalitunga yeye.) Tukakaa sana upande wa Chifu Burito, baba yake Mwalimu, mzee alikuwa na wake 22 na mama Mgaya alikuwa wa tano, na jina Kambarage ni la mzimu wa mvua, siku anazaliwa ilikuwa inanyesha. Haya yote nilikuwa nayajua kwa kusoma ila kuyasikia umekaa chini ya yale majabali, pimbi wanakuchungulia juu, ni kitu kingine bana.

Ipo pia nyumba kubwa jeshi walimjengea, kaishi humo muda mfupi tu kabla hajafariki. Ukitoka nyumba ya zamani ukaingia ile, utajua mwenyewe ipi ilikuwa yake.

Ila jamani pale ni mji wa watu, na kaburi lipo. Vaa vizuri, salimia wazee unaowakuta, omba ruhusa kabla hujatoa simu, usijipangie mapozi kaburini. Anayekutembeza mwambie toka mwanzo kwamba huna haraka, maana akiona unaangalia saa na yeye anafupisha. Tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki, ukitaka utulivu usiende, watu wanajaa, ila kama unataka kusikia wazee wakimsimulia basi ndo siku yenyewe. Mi mwaka huu naenda tena, baba mdogo kasema safari hii tuanzie shambani.