Maswali na majibu: ukocha wa soka la wanawake, na leo sibembelezi mtu

Wiki hii nimechagua haya tu, mengine yanafanana kama mapacha.

Sijawahi kucheza ligi kuu, naweza kweli kuwa kocha mkubwa wa timu ya wanawake?

Unaweza. Emma Hayes, kocha Mwingereza, enka ilimharibikia akiwa bado binti, soka la kulipwa akalisikia tu. Mwaka 2010 klabu ya Marekani, Chicago Red Stars, wakamtimua, 2012 akaingia Chelsea, kaondoka 2024 na mataji saba ya ligi, na miezi michache mbele kabeba dhahabu ya Olimpiki na Marekani pale Paris. Ila watu mnapenda kuishika hiyo nusu tamu peke yake. Kabla ya hapo alishakuwa msaidizi Arsenal, ameokota koni, amefundisha watoto, kafukuzwa na bado kesho yake karudi uwanjani. Sarina Wiegman, kocha Mholanzi, naye alikuwa mwalimu wa michezo shuleni. Sasa we ukipewa timu ya under 15 unasema haikufai, unataka uanzie wapi?

Leseni ya kufundisha wanawake ni ipi?

Ni ile ile jamani!! Hakuna leseni ya wanawake wala ya wanaume, Afrika unapanda D, C, B, A mpaka Pro ya CAF, shirikisho la soka Afrika, Ulaya ni ngazi za UEFA, shirikisho la kwao. Hili nimejibu mpaka nimechoka. Alichosahau kuuliza ni kwamba huwezi kuruka ngazi kwa haraka, wanataka kuona una timu unayoifundisha, kwa hiyo anza mapema, na vile vyeti vya wikiendi mbili mnavyouziwa mtandaoni ni vya kutundika ukutani tu.

Wiegman anashinda kila kitu, lini atapanda kwenye soka la wanaume?

Kupanda wapi? Hivi aliyebeba Euro, yaani kombe la mataifa ya Ulaya, 2017 na Uholanzi, alafu 2022 na 2025 na Uingereza, bado yuko chini ya ngazi gani? Mi hili neno "kupanda" ndo linaniudhi. Corinne Diacre, kocha mwanamke, alienda klabu ya Clermont ya wanaume daraja la pili Ufaransa, akakaa misimu mitatu, timu haikufa, jua halikuzimika. Kabla yake klabu hiyo hiyo ilimtangaza mwanamke mwingine, Helena Costa, na akaondoka 2014 kabla ya mechi hata moja, akilalamika kwamba wachezaji wanasajiliwa yeye hana habari. Kwa hiyo ukiitwa huko usichekelee kamera, uliza kwanza nani anasajili.

Wanaume waachwe wafundishe timu za wanawake au la?

Waachwe, nani kawazuia? Norio Sasaki kaipa Japani Kombe la Dunia 2011 na kazi ile ilikuwa safi. Shida sio mwanaume anayejua kazi, shida ni yule aliyeshindwa kwingine akapewa wanawake kama kituo cha kupumzikia, jicho lote liko kwenye simu anasubiri aitwe, majina ya wachezaji wake hajayashika. Na angalieni pesa. Marekani kabla ya sheria ya 1972 iliyolazimisha vyuo kuwapa wanawake nafasi sawa michezoni, timu zao zaidi ya asilimia 90 zilifundishwa na wanawake, mishahara ilipoanza kunona wanaume wakajaa na leo makocha wanawake hawafiki nusu. Kombe la Dunia 2023 timu 32, makocha wanawake 12. Alafu tangu 1997 Euro ya wanawake haijabebwa na kocha mwanaume hata mara moja: Tina Theune wa Ujerumani tatu, Silvia Neid wa huko huko mbili, Wiegman tatu. Sasa mkiniambia wanawake hawana uzoefu nawaangalia tu.

Mimi ni kocha, nina mimba, klabu inasema "tutaona mkataba ukiisha".

Dada, usikubali maneno ya mdomoni. Tangu Juni 2024 kanuni za FIFA za uzazi zinawagusa na makocha, sio wachezaji peke yao: likizo isiyopungua wiki 14, malipo angalau theluthi mbili ya mshahara, na sheria ya nchi ikikupa zaidi unachukua hiyo zaidi. Andika barua leo, baki na nakala, na usisaini karatasi yoyote mpya kabla mwanasheria hajaisoma.

Mazoezi ya wanawake si yapunguzwe kidogo?

Hapana. Dakika 90, mpira namba 5, goli lile lile. Kombe la Dunia la 1991 waliwachezesha dakika 80, na mchezo huo ukaishia hapo.

Cha kuongeza ni kupasha misuli moto kabla ya kucheza. Wanawake wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kukata ligamenti ya goti, na kupasha kwa mpangilio, kutua kwa magoti yaliyokunjwa, kubadili mwelekeo taratibu, kunapunguza majeraha. Timu moja niliyoisaidia ilikuwa inapewa uwanja wanaume wakimaliza, nao walikuwa hawamalizi. Siku hiyo tumeingia tumechelewa, kocha kaangalia saa kasema "pasheni mkicheza". Winga wetu kageuka peke yake, hakuguswa na mtu, nikasikia goti kama kijiti kinavunjika. Msimu mzima nje.

Na wewe uliyetuma swali la leseni mara tatu kwa majina matatu tofauti, nimekuona.