Kadi ya Mtakatifu Kizito niliyoichora mwenyewe: ni sala au ni hirizi?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristu, Padre. Mimi ni mama Mkatoliki, mkazi wa Kayole hapa Nairobi. Mwanangu ana miaka 14 na ameingia shule ya bweni. Kabla hajaondoka nilimchorea, kwenye kipande cha manila, kadi ya Mtakatifu Kizito akiwa ameshikwa mkono na Mtakatifu Karoli Lwanga katikati ya moto. Nyuma yake niliandika sala kwa maneno yangu, kisha nikamalizia na sentensi niliyoinakili mahali: "Atakayebeba kadi hii hatapatwa na baya lolote." Niliifunika kwa selotepu, naye huiweka katika mfuko wa shati. Mwenzangu mmoja wa jumuiya amesema nimempa mtoto hirizi, na mwingine amesema kadi isiyonunuliwa katika duka la Kanisa haifai. Wengine wanataka niwachoree pia, hata kwa kunilipa. Je, nimekosea?

JIBU: Milele na milele, amina. Mama, hukukosea kumchorea mwanao mtakatifu, wala hukukosea kumwandikia sala kwa maneno yaliyotoka moyoni mwako. Kosa limo katika ile sentensi moja ya mwisho, na ninadhani ndiyo iliyomstua mwenzako wa jumuiya, hata kama yeye aliilaumu kadi nzima.

Kwanza tuiangalie picha yenyewe. Mtaguso wa Pili wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulikutana mwaka 787, baada ya miaka mingi ambayo picha takatifu zilivunjwa na kuchomwa, ukafundisha, kwa kufuata maneno ya Mtakatifu Basili, kwamba heshima tunayoipa picha humfikia yule aliyeoneshwa ndani yake. Mtaguso wa Trento nao, mwaka 1563, ulithibitisha fundisho hilo ukionya kwamba tusidhani ndani ya picha mna uungu au nguvu ambayo tuiwekee tumaini letu. Hakuna mahali mitaguso hiyo ilipodai kwamba picha inunuliwe. Kadi iliyochapishwa kwa rangi za kung'aa, ya kununuliwa karibu na Basilika ya Familia Takatifu pale mjini, haina neema inayozidi manila yako. Zote mbili zaweza kubarikiwa, na hata zikibarikiwa zinakuwa visakramenti, yaani ishara ambazo kwa sala ya Kanisa hutuandaa tuipokee neema na kushirikiana nayo.

Sasa nije kwenye ile sentensi. Hirizi hushonwa ndani ya ngozi au kitambaa, na anayeivaa mara nyingi hajui kilichoandikwa ndani wala hahitaji kukijua, kwa sababu anachotakiwa kufanya ni kuivaa tu. Hatakiwi kusali, kutubu, kusamehe wala kumpenda mtu yeyote. Sentensi yako, mama, inaahidi jambo hilohilo: abebe, basi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2111, inafundisha kwamba mtu huanguka katika ushirikina anapodhani sala au ishara za kisakramenti zinafanya kazi kwa tendo la nje peke yake, bila moyo kuwa na msimamo unaodaiwa na matendo hayo. Karatasi zinazoahidi kwamba ukizinakili mara kadhaa au ukizituma kwa watu kadhaa utapata muujiza, na usipofanya hivyo utapata mkosi, ni za ukoo huohuo, nami huwaomba waamini wasizipokee.

Lakini iko sababu nyingine inayonigusa zaidi, nayo ni maisha ya mtakatifu uliyemchora. Kizito alikuwa na umri wa takriban miaka 14, sawa na mwanao, alipokuwa miongoni mwa vijana waliotumika katika ikulu ya Kabaka Mwanga wa Buganda. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, wakati hatari ilikuwa wazi kwa wote, Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana hao, alimbatiza pamoja na wenzake wachache. Asubuhi yake walihukumiwa kufa kwa sababu ya imani yao, wakapelekwa Namugongo wakiwa wamefungwa, wakakaa huko karibu wiki nzima wakisubiri. Tarehe 3 Juni, ambayo mwaka ule ilikuwa sikukuu ya Kupaa Bwana, Kizito alichomwa moto akiwa hai. Kijana huyu alipatwa na baya ambalo hakuna mzazi anayethubutu kulitamka, na ndiye unayemwandikia mwanao kwamba akimbeba mfukoni hatapatwa na lolote! Kizito hakuepushwa na moto. Aliepushwa na woga ambao ungemfanya amkane Kristo, na hiyo ndiyo neema unayoweza kumwomba akuombee kwa ajili ya mwanao.

Uniruhusu pia nirekebishe mchoro, kwa kuwa picha nayo hufundisha. Inasimuliwa kwamba Karoli Lwanga alimwahidi Kizito kumshika mkono saa ya kufa itakapofika. Hata hivyo, pale Namugongo, Karoli alitengwa na wenzake akachomwa peke yake kwa moto wa polepole, kuanzia miguuni, mahali ambapo leo pana basilika. Kwa hiyo mdogo yule aliingia motoni bila mkono aliokuwa ameahidiwa, na bado hakurudi nyuma. Mimi huliwaza jambo hili kila mwaka tarehe 3 Juni. Ukipenda kuchora mikono iliyoshikana, ichore Munyonyo, usiku wa ubatizo, pakiwa na maji badala ya moto. Kijana aliye bweni, mbali na mkono wa mama yake, ataielewa kadi hiyo vizuri zaidi.

Kuhusu kuwachorea wengine, kuwapa majirani wachache si tatizo. Ukitaka kuchapisha nakala za kusambaza, kumbuka kwamba Kanuni ya 826 ya Sheria za Kanisa inadai ruhusa ya Askofu kwa vitabu vya sala, na ingawa kadi si kitabu, ni vema umwoneshe Paroko wako maneno yake kwanza. Kurudishiwa gharama ya manila na rangi si dhambi, mradi kadi ibarikiwe baada ya kununuliwa, isije ikaonekana kwamba baraka nayo ina bei. Ikichakaa, ichome au uizike; usiitupe kwenye taka. Niliwahi kumpaka mafuta mgonjwa mzee ambaye kadi yake ilikuwa imefutika uso wote wa mtakatifu kwa kusuguliwa na kidole gumba, naye sala ya nyuma alikuwa anaijua neno kwa neno.

Basi ifunue selotepu, uifute ile sentensi, na mahali pake uandike, ikikupendeza, maneno haya: "Mtakatifu Kizito, uliyebatizwa usiku ukashika imani hadi mwisho, uniombee nisione haya kusali mbele ya wenzangu, niseme kweli hata ikiniumiza, na nikijaribiwa nikumbuke kwamba Kristo yu pamoja nami. Amina." Mwanao akija likizo, nenda naye kwa Paroko wako baada ya Misa, mkiwa na kadi hiyo, na kabla haijabarikiwa yeye mwenyewe aisome sala hiyo kwa sauti.