Sheria ya moto tunayo tangu 1974

Jarida limeuliza wiki hii kama Uganda itunge sheria mpya, kali zaidi, dhidi ya wanaochoma nyasi na misitu. Jibu langu ni hapana. Kuchoma nyasi bila idhini ni kosa tangu 1974, enzi za Idi Amin. Njooni huku Arua mwezi wa Januari mwone inavyotiiwa: usiku vilima vinawaka kama kuna harusi. Sheria ya misitu ya 2003 ipo, ya mazingira ya 2019 ipo, na mwaka 2023 Rais alipiga marufuku biashara ya mkaa huku kaskazini. Magunia bado yanapita. Kilichobadilika ni saa ya kupita.

Swali ambalo mngeuliza ni hili: shamba likishaungua, nani analipa?

Shemeji yangu, mjane wa kaka, alipanda paini ekari mbili upande wa Maracha. Alitegemea karo ya watoto itoke humo. Kila kiangazi alifyeka mkanda wa kuzuia moto pande tatu. Upande wa nne jirani alikataa nyasi zake zisiguswe, maana anazitunza za kuezekea. Basi vijana wakaja kuwinda ndezi. Mnajua kazi yenyewe: moto unawashwa huku, mbwa na nyavu vinangoja kule. Saa nane mchana upepo ukageuka. Tulipiga moto kwa matawi mabichi ya mwembe mpaka mikono ikatoka malengelenge, na maji tuliyokuwa nayo yalikuwa ya kunywa tu. Paini ina utomvu; ikishika, inashika mpaka juu. Kalitusi za shamba la pili ziliungua vilevile, lakini mvua za Aprili ziliposhuka visiki vikachipua. Paini haichipui. Shemeji aliendelea kwenda kuzikagua asubuhi, moja moja, akikwangua gome kwa kisu kutafuta ubichi.

Polisi walitaka kwanza mafuta ya pikipiki ndipo waje kuona. Tukarudi kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Kijiji kizima kiliwajua wale vijana, na mmoja wao, sitaficha, ni wa ukoo wetu. Mama zao wakaleta mbuzi na kuomba radhi. Shemeji akampokea, kwa sababu ukikataa mbuzi wa namna hiyo kesho utachota maji na nani? Mbuzi mmoja kwa ekari mbili.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuishia hapo, niwaambie wabunge wapumzike. Lakini huyo mbuzi ananirudisha nyuma. Korti za LC, kwa sheria ya 2006, zinasikiliza kesi za mali iliyoharibiwa, ila kwa kiwango kidogo cha fedha. Hasara ya paini inakipita. Ukitaka zaidi, nenda kwa hakimu mjini: nauli, wakili, tarehe baada ya tarehe. Basi sawa, leteni sheria, lakini iwe hiyo moja: kiwango kipandishwe kwa kesi za moto, na wazee waweze kuamuru aliyewasha alipe kwa jembe, achimbe mashimo na kupanda upya. Jela sitaki. Shemeji anataka, na miti ilikuwa yake, kwa hiyo msichukue neno langu kuwa la familia nzima.

Pia msiwaguse wanaochoma mapema, Novemba, kwa ruhusa, nyasi zikiwa bado na unyevu. Hao wanatusaidia, moto wa Januari ukifika hapo haukuti cha kula.

Na yule jirani wa nyasi za kuezekea? Hakuwasha kitu. Ningekuwa kwenye korti hiyo ningemdai angalau miche, ingawa sijui ningemshtaki kwa kosa gani.

Msomaji, Arua