Kutu Haisafishwi

Msomaji mmoja anayekusanya racheti za zamani, yaani vipini vya kufungulia na kukazia nati vyenye meno ndani ya kichwa, ameuliza kama ni sahihi kuziita "racheti kuukuu", kisha akaongeza kwamba ile aliyoipata mwisho alishinda akiisugua na "kusafisha kutu" mpaka ikang'aa.

Swali lenyewe halina ugumu. Kuukuu ni sifa ya kitu kilichochakaa, kama nguo iliyopauka au mkeka uliofumuka. Racheti ya miaka ya 1930 ambayo meno yake bado yanashika na springi yake bado inasukuma haijachakaa, hivyo iitwe racheti ya zamani, au racheti kongwe kwa anayetaka kuipa heshima yake.

Kinachonikera ni hiyo "kusafisha kutu", ambayo naikuta kila mara watu wanapoandika kuhusu vifaa vya chuma. Kitenzi kusafisha kimejengwa juu ya safi, neno lenye asili ya Kiarabu, kwa kiambishi kinachoonyesha kukifanya kitu kiwe katika hali fulani. Basi kinachosafishwa ni kile kinachobaki kikiwa safi. Tunasafisha chumba, hatusafishi vumbi; tunasafisha jeraha, hatusafishi usaha. Anayesafisha kutu, kwa mujibu wa sarufi, ameiacha kutu palepale ilipokuwa, ila sasa ni kutu safi! Kutu huondolewa, na lugha yetu ina vitenzi vya kutosha vya kueleza imeondolewaje.

Hilo si jambo dogo kwa mkusanyaji. Racheti hutambuliwa kwa maandishi yaliyogongwa kwenye mpini: jina la mtengenezaji, namba ya hataza (hati inayolinda uvumbuzi) na, kwa zile za kampuni ya Snap-on, alama ndogo inayoonyesha mwaka wa kutengenezwa. Namba ya hataza huthibitisha kwamba kifaa hakikutengenezwa kabla ya hataza hiyo kutolewa. Kitufe cha kuachia haraka soketi, kikombe kinachoshika nati, alichobuni Peter Roberts kilipata hataza Marekani mwaka 1965, kwa hiyo mpini wenye namba hiyo hauwezi kuwa wa miaka ya 1940, hata muuzaji aape vipi. Sasa mtu akiniambia "nilisafisha kutu", nitajuaje kama alisugua taratibu kwa brashi ya nyuzi za shaba, au alikwangua kwa msasa na kufuta namba pamoja na utando wa kromu? Na kama utando ulikuwa wa metali iitwayo kadimiamu, kukwangua kumemhatarisha yeye mwenyewe, kwa sababu vumbi lake ni sumu.

Mafundi husema kwa usahihi kuliko waandishi. Watakwambia ufungue kichwa cha racheti, uoshe gurudumu la meno, ulimi unaoshika meno hayo na springi kwa mafuta ya taa ili grisi iliyoganda itoke, usugue penye kutu, upanguse, ukaushe, kisha upake mafuta mepesi, maana grisi nzito huuchelewesha ulimi kurudi kwenye meno. Hakuna kitenzi hapo kinachoweza kushika nafasi ya mwenzake, na atakayevichanganya ataharibu kifaa.

"Kusafisha racheti" naipokea, kwa kuwa inataja kazi hiyo yote kwa jumla. "Kusafisha kutu" siipitishi, hata ikiandikwa na mkusanyaji hodari.